Boti ya matanga Mediterania: mwenyewe yupo nusu mwaka, gharama ni za mwaka mzima

Wazungu wengi wa kaskazini, hasa wastaafu na wanaofanya kazi kwa kompyuta, siku hizi wanagawa mwaka mara mbili. Kuanzia Aprili au Mei wanaishi kwenye boti ya matanga Ugiriki, Kroatia au Uturuki. Ikifika Oktoba boti inapandishwa nchi kavu, nao wanarudi nyumbani. Waswahili wanaoishi Ulaya nao wameanza kuulizia maisha hayo, na jibu linategemea mambo ambayo picha za machweo hazionyeshi.

Nianze na uzuri wake, maana upo kweli. Katika Bahari ya Ionia, magharibi mwa Ugiriki, kati ya Lefkada, Ithaca na Kefalonia, visiwa vimekaribiana kiasi kwamba safari ya siku inaisha kabla ya jioni. Wakati wa kiangazi asubuhi huwa shwari, mchana upepo huvuma kutoka kaskazini-magharibi, usiku hutulia. Aliyezoea Unguja au Mombasa, ambako bamvua hupandisha maji mita tatu hadi nne, atashangaa: huko maji hupwa na kujaa kidogo mno. Ndiyo maana boti hufungwa tezi (nyuma) gatini, nanga ikiwa imetupwa upande wa omo (mbele), na mtu akashuka kwa ubao kwenda kununua mkate. Ghuba nyingi za Ugiriki unatia nanga bila kulipa ada ya kulala, ingawa tangu 2019 chombo kinachozidi mita 7 hulipiwa ushuru.

Ugumu unaanzia kwenye sheria. Asiye raia wa Umoja wa Ulaya na asiye na kibali cha kuishi huko anaruhusiwa siku 90 tu katika kila siku 180 ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, na tangu Januari 2021 Waingereza nao wanabanwa na kanuni hiyo. Boti ya mtu kama huyo, ikiwa imesajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya, inaweza kukaa humo miezi 18 bila kulipiwa kodi ya ongezeko la thamani. Kwa hiyo chombo kina ruhusa ndefu kuliko nahodha wake! Tangu Oktoba 2025 mpaka unasajili alama za vidole na sura, wala si muhuri wa kubahatisha tena. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya ana mtihani zaidi: viza ya kuingia mara moja haimfai, kwani akivuka kwenda Albania au Uturuki, zisizo za Schengen, mlango wa kurudi umefungwa.

Hata hivyo naona sheria hiyo ya siku 90 ina faida isiyokusudiwa. Inamsukuma mtu kuja Aprili hadi Juni, kisha arudi botini mwishoni mwa Septemba, akikwepa Julai na Agosti, miezi ya joto kali, ghuba zilizojaa na upepo wa meltemi unaoweza kuvuma Bahari ya Aegean siku kadhaa mfululizo. Lakini vuli nayo ina hatari zake. Septemba 2020 kimbunga Ianos kiliipiga Ionia na kuharibu boti nyingi zilizokuwa zimefungwa au kutia nanga.

Linalonisumbua zaidi ni miezi ambayo mwenyewe hayupo. Jua linakula matanga na kamba, betri zinakufa, unyevu unaota ukungu ndani, na mvua ikipata upenyo maji yanajikusanya ngamani, chini kabisa ndani ya boti, bila wa kuyateka. Wenye boti wengi hukadiria matunzo kuwa asilimia 10 ya thamani ya chombo kila mwaka. Kadirio hilo haliangalii umelala ndani siku ngapi.

Tena bahari yenyewe inaumia. Nanga hung'oa posidonia, nyasi za baharini zinazokua sentimita chache tu kwa mwaka na ambazo ni makazi ya samaki wadogo. Visiwa vya Balearic vya Hispania vilipiga marufuku kutia nanga juu yake mwaka 2018, na naunga mkono, hata kama inampunguzia baharia pa kulala.

Kwa hesabu hizo, mwenye likizo ya wiki mbili tatu akodi boti. Kununua kunamfaa anayeweza kukaa majini miezi mitatu au zaidi, mwenye ruhusa ya kuingia na kutoka, anayejua kutengeneza injini na pampu kwa mikono yake, na aliyeridhika na boti ndogo katika bahari moja anayoifahamu.