Kisukari cha ukubwani: aina mbili hazitoshi, je, tano?

Mtu wa miaka 45 akikutwa na sukari nyingi kwenye damu, jina la ugonjwa wake huwa tayari hata kabla hajainuka kitini: aina ya pili. Mara nyingi ni kweli. Lakini ndani ya jina hilo wamo watu wasiofanana kabisa.

Mwaka 2018 Emma Ahlqvist, Leif Groop na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, waliwachunguza wagonjwa 8,980 waliogunduliwa karibuni. Walitazama mambo sita: kingamwili za GAD (dalili kwamba kinga ya mwili inazishambulia seli zinazotoa insulini, kama ilivyo katika kisukari cha aina ya kwanza), umri, uzito ukilinganishwa na urefu, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita), uwezo wa kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, na jinsi mwili unavyoikaidi. Yakatoka makundi matano. Linalonishughulisha mimi ni la wale ambao miili yao inaikaidi insulini vikali. Sukari yao haikuwa ya kutisha, ila figo zao ndizo zilizokuwa hatarini kuliko za wengine wote. Daktari anayefuata sukari peke yake atamwona mgonjwa huyo anaendelea vizuri.

Mwaka uliofuata John Dennis na wenzake wa Exeter, Uingereza, wakaja na pingamizi. Makundi yapo, walisema, lakini vipimo vya kawaida vikitumiwa vyenyewe vinatabiri vizuri sawa na makundi au kuyashinda: umri wa kuugua unaeleza kasi ya sukari kupanda, na utendaji wa figo unaeleza hatari ya figo. Ukishamtia mtu kwenye kundi, umeitupa nusu ya habari zake, hasa akiwa mpakani. Tena mtu huweza kuhama kundi miaka ikipita. Hapa nawapa Exeter ushindi.

Hata hivyo ushindi huo unahusu makundi ya hesabu, si aina zenye chanzo chake. Aina ya kwanza huanza hata baada ya miaka 30. Aliyepewa vidonge tu huku kinga ya mwili ikimmalizia seli za insulini anaweza kuishia kwenye ketoasidosisi, yaani damu kujaa asidi kwa kukosa insulini, hali inayoweza kuua. Kinyume chake, MODY, kisukari cha jeni moja. Mwenye hitilafu ya jeni ya GCK kwa kawaida hahitaji dawa, isipokuwa pengine wakati wa ujauzito; mwenye ile ya HNF1A mara nyingi hutulizwa na dozi ndogo ya salfonilurea, vidonge vinavyolichochea kongosho kutoa insulini, na wapo walioacha sindano walizojidunga kwa miaka. Kwao jina sahihi ndilo tiba yenyewe.

Basi tuwapime wote kingamwili? La. Ukipima umati ambao wengi wao wana aina ya pili halisi, sehemu kubwa ya majibu chanya itakuwa ya uongo, na mtu atachomwa insulini asiyoihitaji. Apimwe mwembamba, aliyeugua akiwa kijana, au ambaye vidonge vimemshinda mapema. Akiwa ameshatumia insulini miaka kadhaa, kipimo cha C-peptaidi, kipande kinachotoka pamoja na insulini ya mwili wenyewe, kitaonyesha kama kongosho lake bado linatoa chochote.