Banda la chinchila sio pambo la sebuleni

Niseme mapema tu, mimi huyu mnyama sikumtaka. Kwetu Tanga mtu akifuga ni kuku, mbuzi, na paka wa kukamata panya, basi. Ila ukishakaa Minneapolis na mtoto umemzalia huku, siku moja atakuja na picha kwenye simu, mama muone masikio yake, mama hanuki kabisa, mama rafiki yangu anaye, na kabla hujajua umefikaje uko dukani unatoa kadi. Ndo tukampata chinchila wetu, fikiria sungura na panya buku wamezaa mtoto, halafu manyoya laini mpaka unahisi kama hujashika kitu.

Kosa likawa kwenye banda. Dukani walitupa la chini chini, plastiki pinki na zambarau, sakafu ya waya, na kagurudumu kadogo ka kukimbilia. Zuri kweli ukiliangalia. Wiki ya pili kile kijumba cha plastiki cha ndani kimeshaliwa nusu, nikaanza kusoma usiku huku roho inaniuma, kumbe karibu kila tulichonunua kilikuwa cha kutufurahisha sisi na sio yeye. Meno ya chinchila hayaachi kuota maisha yake yote kwahiyo lazima atafune, na plastiki akiimeza inaweza kumziba utumbo. Sakafu ya waya, mguu unanasa unavunjika, au nyayo zinatoka vidonda. Hako kagurudumu nako kanampinda mgongo, anataka kubwa, pana, lisilo na matundu.

Mimi naona kabla hujatoa hela jiulize kwanza huyu kiumbe kwao wapi. Kwao ni milima ya Andes, huko Chile, juu kwenye mawe, baridi na ukavu. Wengi wa hawa wanaofugwa Marekani wametokana na wale 11 ambao Mathias Chapman, Mmarekani aliyekuwa mhandisi wa migodi huko Chile, aliwaleta California mwaka 1923, na alianza kwa kuwashusha mlimani taratibu sana ili wazoee joto. Yaani mtu wa miaka ile hana hata AC alilifikiria joto, sisi na duka zima tukafikiria rangi.

Tukatafuta banda la chuma la mkononi, limekwenda juu, linanizidi kifua, maana huyu haishi kwa kutembea anaishi kwa kuruka. Upana baina ya nondo usizidi sentimita 2 na nusu hivi, na ukiwa na mtoto mchanga iwe nusu ya hapo, la sivyo utamkuta chini ya kochi. Plastiki yote nikang'oa, mume wangu akakata vibao vya paini isiyopakwa dawa wala rangi (mwerezi usiweke hata ukipewa bure), akavifunga kwa skrubu kimoja huku kimoja kule kama ngazi ya kupandia mnazi, ili akiteleza aangukie kibao kinachofuata na sio sakafuni. Vibao vinaliwa, ndio, ndo kazi yake hiyo, vikiisha unaweka vingine. Nyasi kavu ziwepo muda wote, na chupa ya maji iwe ya kioo.

Halafu hilo joto. Manyoya yake ni mazito ajabu, kitundu kimoja tu cha ngozi kinatoa nywele zaidi ya 50, na jasho hatoi, kwahiyo ikipita nyuzi 25 yuko hatarini. Banda likae mbali na dirisha la jua, na ndani nimemwekea kigae cha marumaru, anakilalia tumbo chini kama mzee baada ya pilau. Julai nzima AC haizimwi. Mama yangu aliposikia kwenye simu akauliza mara mbili, "Panya? Mnamlipia umeme panya?" Nikasema ndio mama. Akasema haya.

Maji usimwogeshe, manyoya hayakauki upesi. Anaoga vumbi maalumu, laini la volkano, mara chache kwa wiki, unamwekea bakuli dakika 10 au 15 halafu unatoa, ukiliacha atalifanya choo.

Binamu yangu wa Dar kaona video anataka wa kwake. Nikamuuliza, Januari umeme ukikatika mchana utamfanyaje? Kanyamaza, juzi kanitumia picha ya kasuku.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni mahali pa kuliweka hilo banda. Tulianza chumbani kwa mtoto, na huyu mchana kutwa analala, shughuli zake zinaanza giza likiingia, mtoto akawa anasinzia shuleni. Likahamia koridoni, mlangoni kwangu. Sasa saa nane za usiku nimelala macho wazi nasikia tu, kibao cha pili, cha tatu, cha tano, kimya kidogo, halafu gurudumu. Na hawa wanaweza kufika miaka 15, hata 20.