Soketi bafuni: kukataza peke yake hakutoshi

Ukijenga nyumba Marekani bila soketi bafuni, mkaguzi ataikataa. Kanuni za umeme za huko zinataka iwepo walau moja, isiyozidi sentimita 90 kutoka sinki la kunawia. Uingereza ni kinyume: soketi ya kawaida hairuhusiwi ndani ya mita 2.5 kutoka ukingo wa bafu au shawa (kabla ya marekebisho ya 2022 zilikuwa mita 3). Inayokubalika karibu ni ile ya mashine ya kunyolea ndevu, yenye transfoma inayoitenga na umeme wa nyumba.

Kenya, Uganda na Tanzania tumerithi plagi ya Waingereza, yenye pini tatu bapa, pamoja na mazoea yao ya kuweka swichi ya hita nje ya mlango. Je, tumerithi busara nzima au nusu yake?

Wanaokataza wana hesabu nzito. Ukinzani wa mwili uliolowa, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme, unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Kwa volti 230, zinapita miliampea 230. Zikifika kama 10 tu, misuli ya mkono hukaza na mtu akashindwa kuachia. Zikizidi 50 moyo unaweza kuvurugika. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Inalinda waya usiungue, haimlindi anayeoga.

Tena mabafu yetu mengi ni chumba kimoja na choo, upana wake mita moja na kitu. Mita 2.5 zinamaliza chumba na kutokea ukumbini, na maji ya kata yanarukia kila ukuta. Humo soketi haina mahali, na hapo sina mjadala na yeyote.

Lakini haja ya umeme haiondoki kwa kuwa soketi haipo. Asubuhi ya baridi Arusha au Limuru, ekstensheni inatoka chumbani, inapita chini ya mlango, inawekwa juu ya tangi la choo, na hita ya kuzamisha inatumbukizwa ndooni. Waya ni mwembamba, sakafu ina maji, na mtoto yuko peku. Kanuni iliyoondoa soketi ukutani imeishia kuisogeza karibu zaidi na ndoo.

Wamarekani walipitia njia nyingine. Mwaka 1961 Charles Dalziel, profesa wa Berkeley, alibuni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ya miliampea 5 hivi ikitokea, kinakata mara moja. Tangu 1975 kanuni zao zinakidai kwenye soketi za bafuni. Cha kwetu huitwa RCD, ni cha miliampea 30, na hukaa kwenye bodi ya swichi za nyumba.

Nacho kina mpaka wake. Mtu akishika waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, bila mguso mwingine, kifaa huona hesabu imelingana na hakikati. Na wapo mafundi wanaoiruka RCD kabisa kwa sababu hita mbovu inaifanya ikate umeme kila usiku na mwenye nyumba amechoka kupigiwa simu. Hilo linaniudhi kuliko kukosekana kwa soketi, kwa kuwa kifaa kilikuwa kinasema kweli.

Kwa hiyo bafu dogo libaki bila soketi, ila mjenzi aweke moja ukutani nje ya mlango ili mtu anyolee huko, na mashine ya kufulia ipewe nafasi yake nje. Bafu kubwa lenye sinki mbali na shawa liruhusiwe. Yote hayo yaje baada ya RCD na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iliyopimwa, na gharama hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji, kabla hujalipa kodi, omba kuonyeshwa bodi na ubonyeze kitufe chenye herufi T. Umeme usipokatika, fundi aje kwanza.