Mlinzi wa Getini Bila Daftari

Ofisi nyingi hapa kwetu zina mlinzi getini, na mezani kwake kuna daftari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Hakuna anayeshangaa. Ila sisi mafundi wa mitandao tukifika kwenye wayalesi, tunaweka mlinzi mkali kisha daftari tunalisahau. Jambo hili linaniuma, maana nimeona watu wakilaumiwa bure kwa sababu yake.

Itifaki ya RADIUS, yaani kanuni ambazo vifaa vya mtandao hufuata kuuliza nani aingie na kuandika alichotumia, tunayoitumia tangu miaka ya 1990, ilizitenganisha kazi hizi mbili waziwazi. Swichi ya wayalesi, kifaa kinachowaunganisha watu, huuliza seva ya uthibitishaji (ndiyo mlinzi) kupitia poti 1812, yaani mlango wenye namba hiyo kwenye seva: huyu aingie au asiingie? Akishaingia, taarifa za matumizi yake huenda kwenye seva ya uhasibu (ndiyo daftari) kupitia poti 1813: ameanza saa ngapi, ametumia baiti ngapi, ameondoka lini. Vifaa vya zamani vinatumia 1645 na 1646, kwa hiyo kagua kabla hujaanza kulaumu nyaya.

Uthibitishaji ukigoma, simu yako itaita ndani ya dakika tano, kwa kuwa watu hawaingii. Uhasibu ukigoma, swichi nyingi zinaendelea kuhudumia watu kama kawaida na hakuna anayelalamika. Chuo kimoja kiliniita kwa sababu bando lilikuwa linakwisha katikati ya mwezi na uongozi ulitaka kujua nani analimaliza. Nikafungua jedwali la kumbukumbu: tupu. Aliyesanidi fayawoli, kichujio kinachoamua poti zipi zipitike, aliruhusu 1812 akaishia hapo. Miezi kadhaa swichi ilikuwa inatuma taarifa, haijibiwi, inarudia, mwishowe inazitupa. Wakati huo wote wanafunzi wa bweni moja walikuwa wameshahukumiwa kwa maneno ya vibarazani.

Hata daftari likiwepo, linaweza kusema uongo. Kihesabio cha baiti kina biti 32, kwa hiyo kikipita takribani GB 4 kinarudi sifuri. Mtu aliyeshusha GB 5 anaonekana ameshusha kama GB 1, na mwenzake wa GB 3 ndiye anayeitwa ofisini! Dawa yake ipo tangu mwaka 2000: sehemu ya pili inayohesabu ni mara ngapi kihesabio kimezunguka. Hakikisha swichi inaituma na hifadhidata yako inaisoma.

Saa nazo zina mambo yake. Seva ikiwa kwenye saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, na swichi kwenye saa zetu, tukio la saa nne usiku linaandikwa saa moja jioni. Kwenye maabara yenye zamu, saa tatu hizo zinatosha kumtia hatiani mtu ambaye hakuwepo kabisa. Mimi siku hizi naanza na saa kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Umeme ukikatika ghafla, ujumbe wa kumaliza hautumwi, na rekodi zinabaki wazi kana kwamba watu bado wamo. Kama umeweka kikomo cha kifaa kimoja kwa kila mtu, umeme ukirudi wanakataliwa wote. Ndiyo maana nasisitiza taarifa za katikati, zinazotumwa mtu akiwa bado ameunganishwa, walau kila dakika 10, ili seva itambue rekodi iliyonyamaza na kuifunga.

Wapo wanaosema kumbukumbu hizi ni upelelezi. Nawaelewa, ila rekodi ya kawaida ya uhasibu haisemi umefungua tovuti gani. Inataja jina, kifaa, muda na kiasi. Hata hivyo hizo ni taarifa za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Waambie watumiaji unachoandika, weka muda wa kukifuta, na usimpe kila fundi funguo za hifadhidata.

Kabla sijakabidhi kazi, ninaunganisha simu yangu, nashusha faili la GB 5, natoka, kisha nafungua jedwali mbele ya mteja. Tunatafuta pamoja mistari yenye jina langu: kuanza, katikati, kumaliza. Hesabu isipofika GB 5, au saa isipofanana na ya ukutani, sitii sahihi.