Omena Ziliokolewa, Mimi Je?

Kwa kuwa rafiki yangu fulani ameshamwaga mtama penye kuku wengi kuhusu nilivyoanguka na baiskeli, acha niseme mwenyewe. Kwanza, sikulia. Lile lilikuwa jasho. Pili, mtungi wa maji niliobeba haukuwa wa lita 20, ulikuwa wa 5.

Baiskeli ya mbio mnaijua: haina keria, haina kikapu, fremu ina nafasi ya chupa 2, basi. Nafasi moja nilishaijaza pampu, spana na tyubu ya akiba. Ikabaki chupa ya mililita 750 kwa safari ya Kisumu hadi Kakamega na kurudi, kama kilomita 100, na jua la kwetu halina huruma. Wenzangu wakasema maji tutanunua njiani. Mimi ninunue maji? Nikachukua mtungi wa mafuta ya kupikia, nikaujaza pomoni, nikaufunga nyuma ya kiti kwa blada, ule ukanda wa mpira wa tyubu, kama watu wa boda wanavyofunga kreti za soda. Watu wa boda wana keria. Hilo nilikuja kulikumbuka nikiwa chini.

Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo piga hesabu. Tangu Mamboleo mlima ulipoanza, kila nikisimama kwenye pedali mtungi unakata kiuno. Nikienda kushoto, wenyewe kulia. Rafiki huyo huyo alikuwa nyuma yangu. "Omera, mzigo wako unacheza." Nikamwambia aache wivu.

Sokoni Kiboswa kuna tuta. Mtungi uliruka, ukarudi, ukateleza upande, ncha ya blada ikaingia kwenye spoki. Gurudumu la nyuma likagoma kabisa.

Sasa sikilizeni vizuri. Viatu vyangu ni vile vya kunasa kwenye pedali. Kujitoa, unapinda kisigino kwenda nje. Ni rahisi, ukikumbuka. Mimi nilivuta mguu juu kama mtu aliyezama kwenye tope. Wapi! Nikavuta wa pili. Wapi! Baiskeli imesimama, mimi niko juu yake, hatuendi mbele wala nyuma. Kisha tukaanza kulala. Kushoto. Polepole, kama mgomba uliozidiwa na mkungu.

Kushoto alikuwa ameketi mama na beseni la omena, wale dagaa wa ziwani. Tukatazamana. Akaziangalia omena, akaniangalia mimi, akaziangalia tena omena. Muda wa kuokoa kimoja alikuwa nao. Akainua beseni. (Msimlaumu, bei ya omena mnaijua.) Nikapita pale pale beseni lilipokuwa, miguu yote miwili bado imenasa, nikatua begani, pu! Soko zima likasema "woi!", halafu kimya, halafu kicheko cha mtu mmoja. Huyo mtu mnamjua.

"Pole, nyathina," yaani mwanangu, mama akasema, beseni bado liko hewani.

Yaliyobaki ni mafupi: goti, matatu, baiskeli juu ya paa. Mtungi haukupata hata mkwaruzo. Mama aliniosha goti kwa maji yangu mwenyewe, akauomba, nikamwachia. Na ndiyo, duka lililokuwa nyuma yake lilikuwa linauza maji.

Kuhusu ile video mnayonitumia tangu jana: ina sekunde 11. Beseni linapaa kwenye ya 4. Mimi nafika chini kwenye ya 7.