Bwana Harusi Kaongezewa Jina

Wale mliosikia ile sauti aliyorusha rafiki yangu kwenye magrupu, kwamba nimemwozesha mtoto wa watu kwa Mjerumani: hakuna Mjerumani. Kuna prufu ya kadi ya harusi, yaani nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa.

Jina la tatu la bwana harusi ni Mzee. Ami yake akalipiga mstari, eti litamzeesha kijana. Bibi yake akafoka: hilo ni jina la marehemu mume wangu, lirudi!

Sasa kwenye prufu, neno lililokatwa likitakiwa libaki, hufuti mstari wala huandiki upya. Unatia nukta chini ya herufi zake, na kama sentensi nzima imekatwa nawe wataka neno moja tu, nukta ziishie chini ya hilo hilo. Kisha pambizoni unaandika "stet", Kilatini hicho, yaani libaki lilivyo. Unalizungushia duara, mpiga chapa ajue ni agizo, si maandishi. Nikatia nukta nne, stet, duara. (Waingereza kwenye kanuni zao za 1976 waliweka alama ya vema ndani ya duara badala ya neno. Wana akili wale.)

Kijana wa duka la uchapaji, ambalo silitaji, duara kaliona mkazo.

Boksi la kadi likafika mtaa wa Mkomani, Lamu, juu ya punda. Bibi yuko dakani. Akavaa miwani, akaivua, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena. Kidole chenye hina kikaanza kutambaa chini ya herufi za dhahabu: jina la kwanza… la pili… Mzee… Kikasimama. Nami ndipo nikaona.

"Mzee.... Stet."

Nukta zote nne zimo! Na Stet kwa wino mzito.

"Mwanangu, huyu Steti ni nani?"

"Bibi, hiyo ni alama ya—"

"Mume wangu hakuwa na baba Mzungu!"

Msiniulize kwa nini nilianza kumfundisha Kilatini. Nilimfundisha, tena kwa mikono yote miwili, na yule rafiki yangu nyuma yangu anarekodi.

Basi, duka likakataa kurudia, tukakesha na rula tukikata Stet kadi moja moja, nikaha ikafungwa, pilau ikaliwa. Ila kadi za mtaa wa Langoni zilikuwa zishatangulia, na huko ndiko ilikotoka feni iliyoandikwa "Kwa Bwana na Bi Stet."