Mwanajeshi Apewe Cheti Kabla ya Kuvua Sare

Askari aliyeendesha malori ya jeshi kwa miaka, usiku na kwenye barabara mbovu, akistaafu anaambiwa alete leseni ya kiraia ya magari makubwa. Tabibu wa kikosi aliyefunga majeraha huku risasi zikilia anafika hospitalini na kutakiwa aanze darasani upya. Jambo hili linaniuma. Tunawapigia makofi kwenye gwaride, kisha tunawafungia mlango wa ajira kwa kukosa karatasi.

Marekani wamepunguza tatizo hili upande wa madereva. Majimbo yanaruhusiwa kumsamehe mtihani wa barabarani askari aliyeendesha magari mazito jeshini kwa angalau miaka 2, mradi aombe ndani ya mwaka mmoja tangu aache kazi hiyo. Huo ndio msaada ninaoutaka. Semina ya kuandika wasifu wa kazi ina faida yake, lakini haimpi mtu leseni.

Halafu kuna suala la wakati. Wengi husaidiwa wakiwa wameshatoka, mshahara umekatika na familia inasubiri, kwa hiyo wanapokea kazi yoyote inayotokea. Mpango wa SkillBridge, wa hukohuko Marekani, unamruhusu askari kutumia hadi siku 180 za mwisho wa utumishi wake akijifunza kazi kwa mwajiri wa kiraia huku jeshi likiendelea kumlipa. Kasoro ninayoiona ni kwamba lazima kamanda akubali. Kikosi kikipungukiwa watu, anayeumia ni yule anayejiandaa kuondoka. Mimi ningeifanya iwe haki yake.

Sheria pekee haitoshi. Ile ya Marekani ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliotoka jeshini, maarufu kama GI Bill, ilisomesha na kufundisha kazi maveterani wapatao milioni 7.8 kufikia 1956, wengi wao nje ya vyuo vikuu. Lakini utekelezaji uliachiwa mikononi mwa ofisi na vyuo vya maeneo yao, na maveterani weusi wengi, hasa kusini mwa nchi hiyo, wakanyimwa walichostahili.

Waajiri nao waache kuuliza cheo. Wamuulize mtu alikuwa akifanya nini kila siku: alitunza ghala, alitengeneza mitambo ya redio, alisimamia vijana 30? Na mamlaka za leseni zikae na majeshi, zipitie fani moja baada ya nyingine, zianze na utabibu, ili askari afanye mtihani wa kiraia akiwa bado kambini.